Vani za matangazo za Lledo na Volkswagen ya Safari: thamani, utambuzi na kutu

KibuyeJumapili, Kisumu

Wadau, habari zenu. Nina vigari 23 vya kuchezea vya chuma vilivyotoka kwenye furushi moja la mitumba hapa soko la Kibuye, na nataka kuvielewa kabla sijauza hata kimoja. Kumi na vinne ni vani za mtindo wa kale zenye matangazo ya chai, biskuti na magazeti ubavuni, chini zimeandikwa LLEDO. Vinane ni Matchbox, vitano kati yake vina jina LESNEY na magurudumu meusi membamba. Cha mwisho ni Volkswagen nyekundu ya Corgi, namba 18 imechorwa kwenye bodi, gurudumu la akiba juu ya paa.

Je, vani za matangazo zina bei? Nitajuaje tangazo ni la kiwandani au limebandikwa baadaye? Volkswagen imebanduka rangi kwenye kingo za boneti, niipake? Na ekseli za Matchbox mbili zimeshika kutu.

FundiKalibu, Nakuru

Ndugu, anza na hiyo Volkswagen, nyingine zitasubiri. Hiyo ni namba 256 kwenye orodha ya Corgi, toleo la mbio za magari za East African Safari, iliyotengenezwa na kampuni ya Mettoy kule Swansea katikati ya miaka ya 1960. Gari lenyewe lilikuwa limeshinda Safari mwaka 1962, ndiyo maana Uingereza wakaliona linafaa kuwa kichezeo. Zungusha gurudumu la akiba polepole kwa kidole kimoja: magurudumu ya mbele yakipinda, usukani ni mzima. Yakikataa usilazimishe, mara nyingi ni vumbi lililoganda ndani.

Boksi lake lilikuwa na kifaru mdogo wa plastiki. Kifaru na boksi ndivyo hupotea kwanza, na vikikosekana bei hushuka sana, kwa hiyo rudi kwa muuzaji umwombe apekue chini ya furushi.

Rangi usiguse, nakusihi. Mkusanyaji anaitaka rangi ya kiwandani hata ikiwa na makovu. Ukishapaka, gari linahesabiwa kuwa limefanyiwa ukarabati na hakuna njia ya kurudi nyuma. Hata kalamu ya kuzibia mikwaruzo huonekana wazi chini ya lenzi.

Mama Vigari, Kakamega

Za Lledo nitazisema mimi. Jina hilo ni Odell lililogeuzwa: Jack Odell, aliyekuwa mshirika katika Lesney, ndiye aliyeianzisha kampuni ya Lledo mwaka 1982, mwaka uleule Lesney iliyokuwa ikitengeneza Matchbox ilipofilisika. Kwa hiyo vani zako na Matchbox zako zina mzazi mmoja.

Sasa geuza kila vani usome chini. Ikisema DAYS GONE, ni ya mauzo ya kawaida madukani, hata kama ubavuni kuna jina la biskuti. Ikisema PROMOTIONAL, ilichapwa kwa agizo la kampuni fulani ili igawiwe au iuzwe kwa kuponi. Wengi huamini kila tangazo ni adimu, na hapo ndipo wanapolipa kupita kiasi. Vani hizi zilitengenezwa kwa wingi mno na watu wengi walizihifadhi ndani ya maboksi yao, basi nyingi ni za bei ndogo. Zinazotafutwa ni za oda za idadi ndogo, hasa zikiwa na boksi lililochapwa jina lilelile la mteja.

Wakusanyaji hutumia daraja tatu, zinazoitwa kodi (kwa Kiingereza "code"). Kodi 1: kiwanda kimetengeneza na kupamba chenyewe. Kodi 2: mwingine amepamba kwa idhini ya kiwanda. Kodi 3: mtu amepamba bila idhini. Kupima, chukua lenzi ya mara 10 na mwanga wa pembeni. Wino wa kiwandani umepigwa kwa pedi laini, kwa hiyo ni mwembamba na unafuata mikunjo ya bodi. Stika au karatasi ya kuhamishia picha ina ukingo: kuna utando unaong'aa kuzunguka herufi.

KibuyeJumapili, Kisumu

Asante sana, Mama. Mbili zimeandikwa PROMOTIONAL. Nyingine moja ni DAYS GONE, lakini maandishi yake yana huo utando, na chini yake naona kivuli cha herufi nyingine.

Mama Vigari, Kakamega

Hiyo ya kivuli ni Kodi 3. Mtu amefunika tangazo la kwanza. Iuze ukisema hivyo waziwazi.

FundiKalibu, Nakuru

Tuje kwenye kutu. Usitumie siki wala ndimu! Ekseli ni chuma, lakini bodi ni zamaki, yaani zinki yenye alumini kama asilimia 4, na asidi huila zinki ikiacha vishimo vya kijivu. Kwangua kutu kwa kijiti cha meno, weka tone moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano, zungusha gurudumu mara ishirini hivi, kisha futa ziada kwa pamba. Mafuta mengi hutambaa mpaka kwenye boksi na kuacha doa lisilotoka.

Magurudumu hayo membamba ni ya kabla ya Superfast, yaani magurudumu ya kasi ya Matchbox yaliyoanza 1969, kwa hiyo usiyabadilishe. Na mwaka uliochongwa chini ya gari, ukiuona, ni wa umbo kusajiliwa. Gari lenyewe laweza kuwa limetoka miaka mingi baadaye.

Kufungua ribiti, yaani pini inayoshika bamba la chini kwenye bodi, ni kwa gari lililokwisha haribika tu. Gonga nukta katikati kwanza, la sivyo biti itateleza na kukata bamba la chini. Saga kichwa cha ribiti kwa biti ya mm 3, na usimame pete ya kichwa hicho ikitoka. Kisha toboa kisiki cha ribiti kwa biti ya mm 1.6, kina cha mm 5, ukate uzi wa skrubu kwa tepu (kifaa cha kukatia uzi) ya M2, yaani ya skrubu ya mm 2: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ukitoa chenga kila mara. Ukiisukuma moja kwa moja zamaki huibana na tepu hukatikia humo ndani.

Kwa unyevu wa huko kwenu ziwani, usiweke maboksi chini sakafuni wala yagusane na ukuta. Tumia mifuko ya polithini, si ile laini ya PVC, na vipakiti vya silika jeli uvibadilishe vikilowa. Matairi ya mpira yasikae juu ya plastiki, huiyeyusha polepole. Tanguliza kipande cha karatasi.