Kikundi cha kusoma: wenzangu hawamalizi vitabu, tuhamie hadithi fupi na podikasti?

Nyegezi_Msomaji
Habari zenu wakuu. Tuna kikundi cha kusoma hapa Mwanza, watu 9, tunakutana kwangu Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Tulianza na riwaya. Mwezi wa kwanza walimaliza saba, wa pili wanne, mwezi uliopita nilibaki mimi na dada mmoja muuguzi anayesomea zamu ya usiku. Waliobaki walikuja kula maandazi.

Nimependekeza tuhamie hadithi fupi na podikasti za simulizi, ila kuna kaka amegoma kabisa. Anasema kusikiliza si kusoma. Halafu bando nalo ni kilio. Mliowahi kufanya hivi mlifanyaje?

Shangazi_Pangani
Mwanangu, huyo kaka mwulize alikuwa wapi mwaka 1993 Redio Tanzania (RTD) ilipoanza kurusha mchezo wa redio wa Twende na Wakati. Sisi tulijazana kwa jirani mwenye betri zima. Yule Mkwaju, dereva wa lori, tulimsema kama shemeji yetu wa damu! Kipindi kikiisha ndiyo baraza linaanza: mkewe Tunu aondoke au avumilie? Ugomvi wenyewe unatufikisha kipindi kijacho, na hakuna aliyekuwa ameshika hata karatasi.

Fundi_Spika
Usimpe mtu kazi ya kufanya nyumbani, hataifanya. Sikilizeni palepale. Pakua mapema penye waifai, weka kwenye flashi, chomeka kwenye spika, bando la mtu haliguswi. Sisi hatuzidishi dakika 25. Siku tuliyoweka cha dakika 50 nusu ya watu walikuwa wanachati. Kwa kuanzia tafuta michezo ya redio ya Noa Bongo ya DW Kiswahili, ile redio ya Ujerumani, imetungwa kwa ajili ya vijana na vipindi vyake ni vifupi.

Na zima feni. Spika ya bei ya chini na feni ya dari haziivi chungu kimoja.

Bro_Kirumba
Ondoa maandazi uone watabaki wangapi 😂

Mwalimu_Kisumu
Kwa upande wa hadithi, tafuta Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Huku Kenya kilikuwa kitabu teule cha sekondari, kwa hiyo nakala kuukuu ni tele. Hadithi iliyobeba jina la kitabu ni ya Said Ahmed Mohamed: jitu linaingia mkahawani kwa Mzee Mago na kufagia chakula chote. Mtacheka, kisha mtaanza kuulizana jitu ni nani hasa.

Someni kwa sauti, kwa zamu, aya mbili mbili. Mkikaribia mwisho funga kitabu, kila mmoja abashiri. Tahadhari moja tu: akiwemo aliyekisomea mtihani, atawamwagia dhamira, maudhui na tamathali za usemi kabla hamjaonja hadithi. Mpe kazi ya kumimina chai.

Nyegezi_Msomaji
MREJESHO. Shangazi, shikamoo, maneno yako nilimsomea kaka kama yalivyo. Alicheka tu, hakujibu. Kitabu nilikipata kwa mtu anayesafiri Kisumu, tukasoma hadithi ya jitu kwa zamu. Zamu ilipomfikia yeye, kumbe ana sauti! Akalifanya jitu liongee kwa besi, watoto wa jirani wakasogea dirishani. Nilipofunga kitabu ili tubashiri, yeye ndiye aliyelalamika kuliko wote.

Muuguzi alisema jitu ni tajiri anayenunua viwanja vya watu. Mwingine akabisha kuwa jitu ni sisi wenyewe, tena akanyoosha kidole kwenye sinia la maandazi. Tulitawanyika saa mbili usiku badala ya saa kumi na mbili.

Mwezi ujao kaka amekubali podikasti, kwa sharti kwamba kwanza tusome kurasa mbili za kitu chochote, na asome yeye. Sawa tu. Sasa mwenye kujua simulizi ya Kiswahili isiyozidi dakika 25, ambayo robo yake si matangazo, anitajie hapa. Feni nitazima.