Slabu pana imejinyonga, naisawazishaje kwa CNC bila kubaki na ngazi ngazi?

mbaompana
Wakuu salama? Nina slabu moja (ubao mpana mnene uliopasuliwa mzima kwenye gogo) ya mti mgumu, urefu mita 2.1, upana sentimita 95, unene milimita 60, kingo zake bado zina umbo la mti. Nataka meza ya kulia na unene wa mwisho usishuke chini ya milimita 50. Shida imejinyonga, yaani ukibonyeza kona moja ikagusa meza ya mashine, kona inayotazamana nayo kwa mshazari inanyanyuka milimita 14. Mashine yangu ya CNC, ile inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta, inaimeza yote kwa hiyo urefu sio tatizo, na biti (kikatio kinachozunguka) ninayo ile pana ya kusawazishia, kipenyo milimita 50, visu vitatu vya kubadilisha.

Sasa jamaa mmoja kanambia niibane klempu kona zote ilale kabisa ndo nipige, mwingine anasema nisithubutu. Alafu nimejaribu kwenye ubao wa majaribio, kila mstari biti inapopita inaacha kingazi, ukipitisha ukucha unakwama. Nikasema labda visu butu, nikavigeuza upande mpya, kingazi kiko palepale. Nimeweka mizunguko 18,000 kwa dakika, spidi ya kutembea milimita 1,500 kwa dakika, hatua ya pembeni, yaani umbali wa mstari mmoja hadi mwingine, milimita 30. Nisaidieni kabla sijagusa slabu yenyewe maana haina pacha.

RandaKali
Huyo wa pili ndo kasema kweli. Ukiilazimisha ilale, mashine itakukatia uso ulionyooka safi kabisa, ukilegeza klempu ubao unarudi kwenye umbo lake na uso wako unajinyonga nao. Unakuwa umepoteza mbao bure.

Iache ikae ilivyo alafu igawanye makosa. Usiache kona moja ibebe milimita 14 zote, ile ya mshazari ishushe mpaka kona mbili zilizo hewani ziwe na 7 na 7, weka kabari chini ya zote mbili. Piga hesabu mwenyewe: ukiiacha ilale upande mmoja, mashine itakula 14 kwa jumla pande zote mbili, unabaki na 46, meza yako imeshakufa. Ukigawanya inakula 7, unabaki na 53. Hiyo 3 ya ziada usiitumie siku hiyohiyo, utaihitaji mbele.

Kitu watu wanasahau ni katikati. Wanatia kabari kwenye kona wanasahau kwamba tumbo la slabu liko hewani, biti ikipita inalisukuma chini, ikishaondoka linapanda, unapata bonde au mtetemo na kelele ya ajabu. Pitisha vidole pembeni yote na katikati ya urefu, penye uwazi ingiza kabari nyembamba mpaka iguse TU, usiipige nyundo ikainua ubao. Kila kabari itilie tone la gundi ya moto isitambae. Klempu za juu sahau, bana kutoka ubavuni kwa vitalu vya mbao vilivyofungwa skrubu kwenye meza, na vitalu na vichwa vya skrubu vyote viwe chini ya kina cha mwisho ambacho biti itafika. Biti ikigonga skrubu kwa spidi hiyo hutapenda.

spindo_wima
Mimi niongelee hizo ngazi. Sio visu. Spindo yako, ule mhimili unaozungusha biti, haijasimama wima.

Na alama zenyewe zinakwambia imelala wapi. Ukiona ngazi, upande mmoja wa mstari uko chini kuliko mwingine, basi spindo imelala kiubavu ukilinganisha na biti inavyotembea. Ukiona kila mstari una kijibonde katikati, imelala mbele au nyuma kwa mwelekeo uleule wa kutembea. Kwa hiyo kama mistari yako inafuata urefu wa meza na unaona ngazi, shughulikia mlalo wa upande wa upana kwanza.

Kupima: zima umeme kabisa, funga kwenye spindo fimbo ya chuma iliyokunjwa kama mkono, mkono uwe mrefu kadiri inavyowezekana, weka kipande cha kioo kinene mezani, shusha mpaka ncha iguse kioo, alafu izungushe kwa mkono kushoto, kulia, mbele, nyuma. Ikigusa upande mmoja na ule mwingine karatasi inapita chini yake, umeshajua. Ukiwa na saa ya kupimia (ile inayoonyesha tofauti ndogo za kimo), ifunge kwenye mkono huo, ni bora zaidi. Kurekebisha ni kulegeza bolti za kibebeo cha spindo na kuweka kipande cha bati jembamba au foili nyuma yake, juu au chini kutegemea imelalia wapi, kaza, pima tena. Kazi ya kuudhi lakini ukiimaliza unasahau.

Kama huna muda, punguza hatua ya pembeni kutoka 30 mpaka 15, kingazi kinapungua nusu ila muda unakuwa mara mbili. Hiyo ni panadol sio tiba.

KingoHai
Wote mmeruka swali la kwanza: mbao imekauka? Mimi hata mashine nisingeiwasha kabla ya kujua. Kwa kukausha hewani mafundi wanakadiria mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo milimita 60 ni zaidi ya miaka miwili na bado inategemea aina ya mti na hali ya hewa. Fanicha ya ndani watu wanalenga unyevu wa kati ya asilimia 6 na 12 hivi, kulingana na sehemu itakapokaa. Na ukipima juu juu tu utadanganyika, ngozi inakauka zamani ila moyo bado. Pima tena baada ya kuondoa tabaka la kwanza.

Ukweli mwingine, sio lazima CNC. Ruta ya mkono (mashine ndogo ya kuchonga inayoshikwa) kwenye reli mbili na kigari chake inafanya kazi hiyohiyo, tena ngazi unazisikia mkononi mapema.

RandaKali
@KingoHai kwenye unyevu nakubali, kwenye kigari hapana. Upana wa 95 unasukuma kigari mpaka mgongo unaomba talaka, mtu ana mashine imekaa hapo.

mbaompana
Ilikaushwa kwenye tanuri, nimepima unyevu leo, mwisho wa ubao inasoma asilimia 11, katikati 12. Nimefanya ile ya kioo na fimbo, kweli upande wa kulia karatasi inapita kabisa na kushoto inakwama. Nimetia foili, kingazi kwenye ubao wa majaribio sikisikii tena kwa ukucha, kinaonekana tu nikimulika tochi kwa ubavu. Sasa spidi na kina vipi? Na nianze upande gani?

spindo_wima
Kinachoonekana kwa tochi tu ni kazi ya msasa, acha hapo.

Spidi yako ndo mbaya. 1,500 gawa kwa 18,000 gawa kwa visu 3, kila kisu kinakata kama milimita 0.03, hapo hukati unasugua, mbao inaungua na makali yanakufa. Shuka mpaka 12,000, tembea 4,000, kila kisu kinapata 0.11, utaona vinatoka vipande sio unga. Soma pia kikomo cha mizunguko kilichoandikwa kwenye biti, biti pana sio ya kukimbizwa kama biti ndogo. Kina milimita 1.5 kwa kila tabaka, mkupuo wa mwisho 0.5. Kwa upana wako ni mistari kama 32, tabaka moja robo saa na ushee.

RandaKali
Anza na upande utakaokuwa chini ya meza. Sifuri ya kimo, yaani pale mashine inapoanzia kuhesabu kina, ichukue kwenye sehemu ya JUU kuliko zote, zungusha biti juu ya slabu yote kwanza bila kukata uitafute, usikisie. Pitisha na kitambua chuma, huenda kuna msumari ndani. Ukimaliza geuza, piga upande wa juu ila acha kama milimita 2, alafu itoe mashineni, isimamishe au ilaze juu ya vijiti hewa ipite pande zote, wiki mbili tatu. Usiilaze bapa mezani, upande mmoja utakauka peke yake ibetuke. Itasogea kidogo, hapo ndo unatumia zile ulizobakiza.

mbaompana
Na msasa nianzie namba ngapi?

KingoHai
80, alafu 120, 150, ukipenda 180. Usiiruke 80 hata uso ukionekana laini, alama za biti zinajificha mpaka siku ya kupaka mafuta. Na vaa barakoa ya maana, vumbi la mti mgumu sio la kuchezea.