Wauzaji wa mashine za kusagia kahawa hapa Mtwara, kwa nini hamsemi kama ndani kuna visu au meno?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Shemeji yangu yuko Mbinga. Msimu ukifika ananipakilia kahawa yake ya Arabika kwenye basi, inapita Songea, Tunduru, Masasi, hadi inanifikia hapa mjini. Naikaanga mwenyewe, nyumba nzima inanukia. Safari hii nikasema niachane na kinu, ninunue mashine.

Dukani nikamuuliza kijana, "Hii inasaga kahawa?" Akanijibu, "Ndiyo yenyewe hiyo dada, angalia boksi." Kweli boksini kuna picha ya punje za kahawa. "Inasaga laini au chengachenga?" "Yote, ni wewe tu unavyobonyeza." Nikatoa shilingi 65,000.

Nimefika nyumbani nikasaga, nikamwaga kwenye sahani nyeupe. Huku unga mwembamba kama poda ya mtoto, mwingine umeng'ang'ania kifuniko hautoki hata ukigonga. Huku nusu punje nzimanzima, zinagongana kwenye sahani. Nikarudia kubonyeza. Poda ikazidi, vipande bado vipo. Baba mdogo, mtu wa kahawa ya kibarazani tangu sijazaliwa, akapiga funda moja akaweka kikombe chini: "Mwanangu, hii hujaisaga, umeikatakata."

Ndivyo ilivyo. Ile ni blenda ndogo. Kisu kinazunguka, punje iliyo karibu inakatwa mara ishirini, iliyorushwa juu inapona. Hakuna mahali pa kupanga ukubwa, unakisia kwa sekunde. Maji ya moto yakiingia, poda inatoa uchungu wote haraka, vipande vinabaki na ladha nyingi ndani, kwa hiyo kikombe kimoja kina uchungu na uchachu kwa pamoja. Mashine ya meno haiko hivyo. Ina meno mawili yanayotazamana, unapanga nafasi katikati yake, na punje haipiti mpaka iwe ndogo kutosha pengo hilo.

Na msiniambie tatizo ni mimi. Bibi alikuwa anatwanga kwenye kinu kisha anachekecha, kilichobaki juu ya chekeche kinarudi kinuni. Kahawa yake ilikuwa sawasawa kuliko hii ya umeme! Tena ile ya birika inachemshwa, machicha yanatulia chini, unga usiolingana unavumilika. Mimi natumia birika la kioo lenye kichujio cha kusukuma, linataka chenga za kulingana. Poda inapenya wavu, kikombe kinakuwa tope.

Wiki ya tatu mashine ikaanza kunuka plastiki inayoungua. Kumbe kikaratasi cha ndani kinasema usiwashe zaidi ya sekunde 30 mfululizo. Nani aliniambia? Nikairudisha. Nikaoneshwa risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Kwamba hayo maandishi ndiyo yanafuta uongo nilioambiwa? Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Nimemwambia mwenye duka hivyo hivyo, akaendelea kupanga pasi zake kwenye rafu.

Kilichoniuma kuliko hela ni kahawa. Shemeji ameichuma kwa mkono, ameianika, ameichambua, imesafiri nchi nzima ya kusini, halafu inafia kwenye kikopo cha visu kwa sababu muuzaji hakutaka kusema neno moja.

Kama unataka kununua, lazimisha wafungue kifuniko mbele yako. Ukiona kisu kama cha blenda, hiyo ni ya iliki na mdalasini, waachie. Ukiona meno, shika lile la katikati ulitikise: kama linacheza, chenga hazitalingana hata meno yawe ya chuma kizuri kiasi gani. Ya mkono ya meno ni bora kuliko ya umeme ya visu, na umeme ukikatika unaendelea kusaga. Jirani yangu wa Mikindani anayo, inabeba gramu 20 hivi, anazungusha dakika mbili, chenga zinatoka kama mchanga wa pwani.

Sasa naomba mwenye kujua: kuna duka lolote Mtwara, Lindi au Masasi linalouza za meno na kukuruhusu usage kiganja cha kahawa kabla ya kulipa? Nitakuja na kahawa yangu mwenyewe.