Mgahawa wa paka Mtwara: biashara au kuwatesa viumbe?

Mwana Mikindani
Wadau, salaam. Nilipokuwa Tokyo kwa mafunzo, wenyeji walinipeleka kwenye mgahawa wa paka. Unavua viatu, unanawa mikono, kisha unalipia muda, siyo kahawa. Marufuku kumbeba paka, kumwamsha au kumpiga picha kwa mwanga. Nilifurahi, ila si yote yaliyonipendeza. Wanauza kikombe kidogo cha vipande vya kuku. Ukikinunua, paka wanakupanda mpaka mabegani. Kikiisha wanakuhama kama hawakujui. Na chumba kizima ni vioo, paka akichoshwa na watu hana pa kujificha. Kuna mmoja wa kijivu alikuwa kajibanza nyuma ya kiyoyozi, masikio kayalaza, na bado watu wanamchungulia na simu zao.

Nawaza kufungua wa aina hiyo Shangani, ila ulioboreshwa. Paka wakubwa tu, waliookotwa mitaani, wamehasiwa na kuchanjwa. Rafu za juu, tundu la kupenya kwenda chumba cha nyuma ambako mteja haingii, wageni wachache kwa zamu, na vikombe vya nyama hakuna. Anayempenda paka anamchukua akamlee. Mnaonaje?

Mzee wa Kashata
Nilipie kukaa na paka? Njoo feri asubuhi wakishusha samaki. Shika utumbo wa changu mkononi, utapata marafiki bure mpaka uwakimbie.

Msomaji Mchovu
Hii kitu Wajapani waliianzisha 1998 kwa sababu nyumba zao nyingi za kupanga haziruhusu wanyama. Mtu anakwenda kushika paka kwa sababu kwake hawezi kufuga. Sasa Mtwara nani kakatazwa paka? Mteja wako ni nani hasa?

Kijana wa Chikongola
1998 ni Taipei, Taiwan. Japani ilifika 2004, Osaka. Usitulishe matango pori.

Bandari Salama
Mleta mada, tafuta mkoa mwingine. Huko kusini mnakula panya. Hao paka watakufa njaa kwa kugombania kitoweo na wateja 😂

Binti Newala
Bandari Salama, umeanza. Samaki nchanga siyo huyo panya wa darini kwako anayeshinda kwenye taka. Ni panya wa shamba, anakula karanga na mihogo. Kiangazi, mashamba yakishavunwa, anachimbwa shimoni, anababuliwa manyoya, anatolewa utumbo, anabanikwa kwenye kijiti mpaka akauke. Wewe unakula kuku wa wiki tano aliyekulia chini ya balbu, halafu unatucheka sisi?

Bandari Salama
Kwa hiyo hujakanusha.

Binti Newala
Nikanushe nini? Nakula, bibi yangu alikula, na hatujawahi kuja Dar kukuomba mboga.

Lindi Kwetu
Ila jamani msiseme kusini yote. Sisi Lindi ni pweza wa nazi. Hayo mengine mtuondolee.

Binti Newala
Nyie ndio wabaya zaidi. Akitokea mtu wa Dar tu mnajitenga. Nachingwea iko mkoa gani? Ruangwa je? Kaulize huko kwanza ndipo urudi na pweza wako.

Lindi Kwetu
Mimi nimezungumzia mjini.

Binti Newala
Hukusema mjini. Ulisema Lindi.

Mwana Mikindani
Wapendwa, mada ni paka.

Ustadh wa Mtaa
Paka si najisi. Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, na akasimulia kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba paka ni katika wanaotuzungukia majumbani. Lakini pia yupo mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Mleta mada, hicho chumba chako cha vioo kiangalie vizuri.

Mama Chuno
Na Mtume alikata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka.

Ustadh wa Mtaa
Hiyo ni simulizi ya watu tu, mama, haina sanadi. Tuliyonayo yanatosha.

Kijana wa Chikongola
Mmesahau umeme. Kiyoyozi kikizimika saa nane mchana, paka wote mle ndani, mkojo wao utawakimbiza wateja mpaka Mikindani. Gesi inachimbwa Msimbati, bomba likaenda Dar, 2015 likakamilika, sisi huku tunanunua mishumaa.

Bandari Salama
Nilijua tu tutafika kwenye gesi. Mtwara hata ukiuliza bei ya vitumbua unajibiwa gesi.

Kijana wa Chikongola
Wewe 2013 ulikuwa wapi? Sisi tulivuta moshi wa mabomu ya machozi kwa kulipinga hilo bomba.

Bandari Salama
Nilikuwa nyumbani, nawangoja mlete gesi.

Nesi Mstaafu
Niingilie kidogo, maana nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi. Mgahawa wa hivyo uandike mlangoni kwamba mjamzito asiguse mchanga wanaonyea paka. Vimelea vya toksoplazma hutoka na kinyesi, na huchukua siku moja hadi tano vikiwa nje ndipo viweze kuambukiza. Kwa hiyo mchanga uzolewe kila siku, tena na mtu mwenye glavu. Nyama isiyoiva nayo inaambukiza. Na chanjo ya kichaa cha mbwa paka pia anachomwa, msidanganywe na jina.

Mama Chuno
Mimi nina mimba ya miezi saba na paka wangu analala miguuni. Mnataka nimtupe?

Nesi Mstaafu
Nani kasema umtupe, mwanangu? Mchanga azoe mumeo.

Mama Chuno
Mume wangu yuko Msumbiji.

Nesi Mstaafu
Basi vaa glavu, na unawe kwa sabuni.

Msomaji Mchovu
Swali langu la mteja bado halijajibiwa.

Mwana Mikindani
Nashukuru nesi, hilo la mchanga naliandika. Ustadh, ndiyo maana nikasema kuwe na chumba cha nyuma. Hata Japani sheria inakataza kuonyesha paka usiku, wenye migahawa wakaongezewa muda wa saa mbili tu, mpaka saa nne usiku, kwa paka waliovuka mwaka. Na sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Kuhusu kuwapata, nitaanza na paka wa feri, niwahasi kwa daktari wa mifugo.

Mzee wa Kashata
Hapo sasa tutagombana. Paka wa feri wana wenyewe. Wakiondoka, panya watakaokula nyavu za wavuvi utakuja kuwafukuza wewe?

Bandari Salama
Panya wa nyavu mwachieni Binti Newala.

Binti Newala
Nimekwambia wa shamba! Unasoma au unaangalia picha?

Mwana Mikindani
Mzee wangu, paka aliyehasiwa bado anawinda. Wengine nitawarudisha palepale, tofauti ni kwamba hawatazaliana ovyo.

Mzee wa Kashata
Wote hao sawa. Ila yule mwenye jicho moja wa kwenye meza ya pweza msimguse. Yule haibi, anangoja apewe.

Lindi Kwetu
Haibi? Wiki iliyopita nilikuja hapo kununua changu, nikageuka kutoa hela tu, kashuka naye chini ya meza. Muanze kumhasi huyo.