Richard Pryor na ile safari ya Kenya 1979, hivi alibadilikaje?

Kijana_wa_Maiki:
Wakuu habari za jioni. Nafanya stendap, vichekesho vya kusimama na maiki, hapa Dar mwaka wa pili sasa, kumbi ndogo ndogo, watu wanacheka sana tu ila nikirudi geto najiona kama nimeazima mdomo wa mtu, maana nusu ya ninachosema ni lafudhi za makabila, nusu nyingine ni staili za kaka zangu walionitangulia. Kuna bro kaniambia kamfuatilie Richard Pryor, yule mchekeshaji mweusi wa Marekani, eti naye alianza hivyohivyo halafu kuna kitu kilimkuta Nairobi. Wanaomjua naombeni mnieleweshe.

Kanda_za_Zamani:
Dogo umeuliza la maana. Pryor kazaliwa 1940 Peoria, Illinois, kalelewa na bibi yake mzaa baba aliyekuwa anaendesha danguro, na mama yake alikuwa anajiuza humohumo. Mtoto wa namna hiyo ana stori mpaka basi, lakini alipofika New York 1963 zote akazifungia, akawa anamuiga mchekeshaji mwenzake Bill Cosby, vichekesho visafi visivyomkera mtu, TV zikamwita na hela ikaingia. 1967 yuko Las Vegas, hoteli ya Aladdin, ukumbi umejaa, akasimama akawatazama watu, akajiuliza kwa sauti anafanya nini pale, akashuka stejini akaondoka zake. Baadaye akaenda kukaa Berkeley, huko ndo alianza kuwaigiza stejini watu wa kwao. Msikilize mhusika wake Mudbone, yule mzee mpiga soga wa Mississippi. Ni lafudhi ile mdogo wangu, tena nzito! Ila Pryor anamjua mwenye nayo, anajua mzee anavyovuta pumzi kabla hajaanza uongo wake. Wewe hao wa makabila yako unawajua kwa majina?

Nyakati_za_Nairobi:
Ya Nairobi ameisimulia mwenyewe stejini, iko kwenye filamu yake ya 1982. Kabla ya hapo lile neno baya la kumwita mtu mweusi alikuwa analitumia kila dakika, mpaka kwenye majina ya albamu zake. Sasa 1979 amekaa hotelini kwetu hapa anaangalia watu, weusi kila mahali, wanafanya kazi za kila aina, akagundua wiki tatu nzima neno lile halijamtoka mdomoni kwa sababu hakumwona mtu wa kuitwa hivyo. Akaliacha. Mimi hii stori inanigusa, mama yangu alikuwa karani mjini miaka hiyo, nina picha yake kashika faili kifuani, nywele kachana afro, na kila nikiiangalia nasema watu aliowaona yule jamaa ndo hawa.

Dada_Wodini:
Naongezea kidogo, msije mkadhani Nairobi ilimponya. Juni 1980 aliungua zaidi ya nusu ya mwili, mwanzo ikasemwa ajali ya dawa za kulevya, baadaye akakiri, hata kwenye kitabu chake cha 1995, kwamba alijimwagia pombe kali akajiwasha mwenyewe. Mimi nauguza watu wa moto, kubadilisha bandeji tu mtu mzima analia, na huyu miaka miwili baadaye kasimama na suti nyekundu anawasimulia watu namna alivyokuwa anakimbia barabarani anawaka. Sinema nazo zilimlipa, Superman III ya 1983 alivuta dola milioni 4, lakini nyingi hazikumpa nafasi ya kuwa yule wa stejini. 1986 akakutwa na maltipo sklerosisi, ule ugonjwa wa neva, na bado miaka ya tisini akawa anapanda stejini anachekesha kakaa kwenye kiti. Alifariki Desemba 2005.

Kijana_wa_Maiki:
Asanteni sana wakuu, na dada pole na kazi. Hapo kwa Mzee wa Kanda pameniingia kweli, maana nimejaribu kuwataja kwa majina nimekwama, simjui hata mmoja. Ijumaa nina dakika saba. Naziacha za makabila zote, napanda na babu yangu wa Korogwe anavyobishana na redio, ile akishaona inamshinda anaitoa betri anaziweka juani.