Wana wa Kukhu: Tunalala Buyangu Desemba

Mama Pendo: Hamjambo nyote. Krismasi tuko Shinyalu kwa Kukhu, bibi wa watoto wetu, kama kawaida. Sasa ile habari ya kulala msituni Kakamega, upande wa Buyangu, tuimalize leo, maana Desemba watu ni wengi na vibanda ni vichache. Naona tuingie tarehe 27, tulale siku mbili, tutoke 29 asubuhi.

Baba Tumaini: Sijambo dada. Tarehe hizo ni sawa kwetu. Swali langu ni moja. Mbona tuzunguke mpaka Buyangu na Isecheno iko hapo tu karibu na boma?

Mjomba Eldoret: Hata mimi hilo lilinikaa moyoni. Upande wa Isecheno kuna nyumba ya wageni ya watu wa misitu, na Rondo pia iko huko. Rondo unakuta kitanda kimetandikwa na chakula kimepikwa.

Mama Pendo: Rondo ni pazuri, sina neno. Lakini sikilizeni. Nilipokuwa kwa Kukhu likizo ya Agosti tulikaa jikoni tukiongea mpaka moto ukazima. Akaniambia tangu akiwa msichana ameingia msitu ule kwa upande wa Isecheno kutafuta kuni, uyoga na dawa, na kila njia anaijua. Lakini upande wa Buyangu hajawahi kukanyaga. Amesikia tu kwamba kuna kilima, ukifika juu unauona msitu wote umetandazwa chini yako. Akasema, "Nimeishi kando yake maisha yangu yote na sijawahi kuuona ulivyo." Mimi tangu siku hiyo sina raha. Tukimpeleka Isecheno tutakuwa tumemrudisha alikotoka.

Baba Tumaini: Basi yameisha. Buyangu.

Senje (shangazi) Mmbone: Ni kweli, hata mimi aliniambia. Na ni vizuri watoto nao waujue. Kenya nzima hakuna msitu mwingine wa mvua wa namna hii, ni kipande cha ule msitu mkubwa wa Kongo kilichobaki huku mashariki. Sehemu ya Buyangu ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985, ndiyo maana iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, na huku kwetu kusini ni watu wa misitu.

Lumbasi: Senje, umeme upo? Nataka kujua simu nitachajia wapi.

Mama Pendo: Pale kwa Udo, kambi ya vibanda ya Buyangu, tulipolala hakukuwa na umeme. Ni misonge ya kuezekwa kwa nyasi, choo cha shimo, maji ya kuoga unabeba kwa ndoo, na banda moja la wote la kupikia na kulia. Beba pawabenki, na tochi ya kuvaa kichwani ili mikono ibaki huru.

Baba Tumaini: Choo cha shimo usiku, na goti la Kukhu lile?

Mama Pendo: Nimelifikiria. Lango ni hilo hilo moja, lakini ndani kuna pia nyumba za Isukuti, hizo zina jiko na bafu ndani. Tuchukue nyumba moja ya Isukuti, alale Kukhu na Senje na wale wadogo. Sisi wengine na vijana tuwe kwa Udo. Chakula tunakula pamoja.

Senje Mmbone: Nakubali. Na jina lenyewe litamfurahisha. Isukuti ni ngoma yetu, Waisukha na Waidakho, mpaka UNESCO iliiandika mwaka 2014 kati ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Yeye alikuwa anaicheza kwenye harusi.

Mjomba Eldoret: Na mvua? Mwaka juzi nilipita barabara hiyo mwezi wa tano nikajuta.

Senje Mmbone: Mwezi wa tano ni masika yenyewe. Desemba mpaka Februari ndiyo pakavu kuliko miezi mingine, lakini "pakavu" ya Kakamega unaijua, mvua inaweza kushuka mchana bila hodi. Kila mtu aje na koti la mvua na buti za mpira. Mambo yote ya kutembea tuyafanye asubuhi, saa nane watu wawe karibu na vibanda.

Mama Pendo: Hapo Senje umesema. Na ndiyo sababu nashikilia tulale NDANI, tusiende kushinda na kurudi. Msitu ule uko juu ya mita 1,500, usiku ni baridi. Jua likitoka mbega wanapanda kwenye vilele vya miti kuota jua, wanakaa tu, lile joho jeupe limening'inia mgongoni na mkia una shungi mwishoni. Ukiwa na darubini mwangalie mikono, mbega hana kidole gumba. Saa hiyo hiyo hondohondo wanaanza kupita, mabawa yao unayasikia kabla hujawaona. Ukifika saa nne kutoka mjini, hayo yote yamekwisha, wanyama wameingia kivulini.

Pendo: Na yule ndege turako mkubwa wa buluu? Mwalimu wetu wa sayansi alisema yuko huko.

Mama Pendo: Yuko mama. Ni mkubwa, anaruka vibaya ila anakimbia vizuri juu ya matawi. Tutachukua mwongozaji, wao wanajua mti gani wenye matunda wakati huo. Tukipata wa usiku pia atatutembeza na tochi tutafute poto, yule mnyama mdogo wa macho makubwa anayetembea polepole.

Mama Tumaini: Jamani mimi ni mama wa watoto wa Nairobi. Malaria je?

Senje Mmbone: Asante kwa kuuliza, maana hilo watu wa Nairobi husahau. Huku malaria ipo mwaka mzima, na mtoto aliyekulia Nairobi mwili wake haujaizoea. Mwone daktari mapema, wiki kadhaa kabla ya safari, akushauri dawa ya kinga. Kila familia ije na chandarua chake hata kama tutakuta vingine huko. Jioni nguo za mikono mirefu na mafuta ya kufukuza mbu. Mkirudi mtoto akipata homa, hata ikiwa imepita wiki mbili tatu, apimwe damu siku hiyo hiyo na mseme mlikuwa Kakamega.

Mama Tumaini: Nimeandika. Na nyoka?

Senje Mmbone: Wapo, ni msitu. Hatutoki kwenye njia, hatuweki mkono tusipoona, usiku hakuna kutembea bila tochi. Lakini nawaambia, wa kukusumbua hasa ni siafu. Unaona kama kamba nyeusi imekatiza njia, inametameta. Ruka, usisimame kupiga picha. Suruali ichomekwe ndani ya soksi. Ukisikia wa kwanza ameuma basi kumi wako tayari juu ya goti.

Lumbasi: Vinywaji nitaleta mimi. Katoni mbili za maji zinatosha?

Mama Pendo: Lumbasi, chupa za plastiki za kutupa haziingii. Tangu tarehe 5 Juni 2020 zimepigwa marufuku kwenye hifadhi zote, pamoja na vikombe, sahani, uma na mirija ya plastiki. Lete yale madebe yetu ya lita ishirini, na kila mtu chupa yake ya chuma. Sahani na vikombe tutachukua vya bati vya Kukhu.

Lumbasi: Sawa. Kuni nitakata huko?

Senje Mmbone: Hapana mwanangu! Ndani ya hifadhi hukati wala huokoti. Nitanunua gunia la makaa hapa sokoni na tuje na majiko mawili. Kuku wa kienyeji niachieni mimi, na unga wa ugali. Mboga tutachuma kwa Kukhu asubuhi ya kutoka. Ndizi na mkate visiachwe mezani hata dakika moja, kima wa pale wanajua saa za kula kuliko sisi.

Mjomba Eldoret: Mimi nitapitia Webuye moja kwa moja, nitawakuta langoni. Ninyi mkitoka Kakamega mjini mnafuata barabara ya Kitale kama kilomita 18, kuna kibao, mnakata kulia, kilomita mbili hivi mko ofisini. Mimi natokea juu kwa hiyo nitakata kushoto.

Baba Tumaini: Malipo?

Mama Pendo: Langoni hawapokei pesa taslimu. Kiingilio na malazi tunalipia eCitizen, ule mtandao wa serikali. Viwango vimekuwa vikibadilika, kwa hiyo nitaangalia siku ya kulipa ndipo niwaambie kila nyumba ni kiasi gani. Watu wazima msisahau vitambulisho, ndivyo vinavyoonyesha wewe ni mwananchi.

Senje Mmbone: Niko kwa Kukhu sasa hivi, nimemsomea yote. Anasema nimwandikie hivi: "Nimesikia wanangu. Kilima nitapanda polepole, mtu asinibebe. Mnitangulize alfajiri kabla jua halijawa kali. Na mtu aninunulie mizizi ya mukombero Kakamega, nitafune njiani."

Baba Tumaini: Mukombero ni wangu, Kukhu. Fungu zima.

Mama Pendo: Nitamuuliza mwongozaji gari linafika wapi, ili goti libakishiwe kazi ndogo. Atakayemshika mkono ni Pendo upande mmoja na Tumaini upande mwingine. Tukifika juu kabla ya saa moja, mashariki ataona ukingo wa Nandi.

Pendo: Mama, naomba mimi nimpigie picha.

Mama Pendo: Utampiga. Sasa kila nyumba initumie leo idadi ya watu na umri wa watoto. Kesho saa nne nafanya buking.

Mjomba Eldoret: Sisi ni watatu. Mdogo ana miaka sita.

Mama Tumaini: Sisi wanne. Tumaini kumi na mmoja, mdogo wake minane.

Lumbasi: Mimi mmoja, na madebe.