ProRes, DNxHR au proksi kwa sisi wa Windows? Naomba uzoefu wenu kabla sijajaza diski

fundi_picha_Uyole

Habari zenu wakuu. Niko Uyole hapa Mbeya, kazi yangu ni harusi, sendofu na video za kwaya. Juzi nilienda Tukuyu kushuti kwaya kwenye mashamba ya chai, kamera tatu, mbili ni Sony ZV-E10 zinarekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, ya tatu Canon R6 niliazima kwa jamaa, hiyo tukaiweka H.265 (namna ya kubana video) ya biti 10, 4:2:2 (kiasi cha rangi kinachohifadhiwa). Nimerudi nyumbani nimezipanga zote kwenye taimlaini ya Premiere, programu ya kuhariri, za Sony zinakwamakwama ila zinaenda, ya Canon ndo imenishinda, mwimbaji anafungua mdomo picha inaganda, sauti inaendelea, anakuja kufunga mdomo ubeti umeshaisha. Kompyuta ni Core i7 kizazi cha 9, RAM GB 16, kadi GTX 1650.

Sasa mmoja kaniambia geuza kila kitu kiwe ProRes, muundo wa video wa kuhariria, mwingine kasema ProRes ni ya Mac wewe wa Windows tumia DNxHR, wa tatu anasema tengeneza proksi basi, yaani nakala nyepesi za kuhariria. Nisaidieni ipi inamfaa mtu mwenye diski ya nje ya TB 2 tu, na umeme ndo huu wetu.

mhariri_Soweto

Mkuu hilo la "ProRes ni ya Mac" tulitoe kwanza maana linapoteza watu wengi. Ni ya Apple kweli, ilitoka 2007, lakini Premiere ya Windows inaisoma bila shida na tangu mwishoni mwa 2018 inakutolea faili la ProRes vilevile. Na tafadhali usiende kupakua QuickTime ya Windows eti ndo ifungue ProRes, Apple waliacha kuihudumia 2016 ikiwa na matundu ya usalama, kama bado unayo kwenye mashine iondoe leo.

DNxHR ni ya kampuni ya Avid, ni mdogo wa DNxHD ya 2004, ilikuja kwa ajili ya picha kubwa kuliko HD. Kwa kazi yako hizi mbili zinafanya kitu kilekile, kila fremu inajitegemea. H.264 na H.265 za kamera haziko hivyo, zinahifadhi fremu moja kamili halafu zinazofuata zinaandika kilichobadilika tu, kwa hiyo ukiruka katikati ya klipu kompyuta lazima irudi nyuma itafute ile kamili ndo ijenge hiyo unayotaka kuiona. Ni kama mtu akuulize mstari wa tatu wa pambio, huukumbuki mpaka uanze kuimba tangu mwanzo. Sasa fanya hivyo kwa kamera tatu kwa pamoja.

Na ya Canon inakutesa zaidi kwa sababu 4:2:2 ya H.265 kadi yako haiwezi kuifungua, NVIDIA wameiweka kuanzia RTX 50, Intel wenye kizazi cha 11 kwenda mbele wanayo kwenye chipu yao. Wewe mzigo wote umebaki kwa CPU. Fungua Task Manager wakati klipu inacheza utaona CPU imefika juu kabisa na kadi imelala.

Mimi natumia DNxHR HQ, daraja la ubora wa juu, kwa kila kitu, miaka sasa, sijawahi kujuta.

Mnyalu_Ipogolo

Kamwene wakuu. Kaka wa Soweto umeeleza vizuri ila ushauri wa mwisho utamuumiza huyu ndugu. Tupige hesabu. ProRes 422 ya kawaida kwenye 4K ya fremu 25 ni kama megabiti 492 kwa sekunde, hiyo ni GB 220 kwa saa moja. DNxHR HQ inazidi hapo. Harusi ya kamera tatu kila moja saa sita ni saa 18, zidisha mwenyewe, unakaribia TB 4, na yeye ana TB 2 ambayo najua tayari ina harusi za watu humo ndani. Halafu diski ya nje ya kuzunguka ikisoma kamera tatu za namna hiyo kwa mpigo haifiki, kila moja inataka megabaiti 60 na zaidi kwa sekunde, kwa hiyo atatoka kukwama kwa sababu ya CPU aje kukwama kwa sababu ya diski, na atadhani kodeki (muundo wa video) ndo mbaya.

Kwa hali yake proksi ndo jibu. DNxHR LB, daraja jepesi, kwa ukubwa wa 1080, megabiti 36 hivi, saa 18 zote hazifiki hata GB 300. Anaediti kwenye nakala nyepesi, akimaliza Premiere inatoa kazi kutoka kwenye faili za kamera zenyewe. Kimoja tu cha kuangalia, chaneli za sauti za proksi zilingane na za faili asili, zisipolingana Premiere inakataa kuziunganisha na mtu anahangaika usiku mzima bila kujua kosa liko wapi.

dada_wa_rangi

Nakubaliana na Mnyalu kwa harusi. Ila kwa kwaya mimi nafanya tofauti kidogo, wimbo ni dakika nne tano, unaweza kuupa heshima yake. Niko Njombe, kazi zangu nyingi ni rangi. Klipu za Canon zile ulizochagua tu, geuza DNxHR HQX, siyo HQ, maana HQ ni biti 8 na hapo unatupa biti 10 zako ulizohangaika kuziazima. Za Sony ziache kama zilivyo, ni biti 8 na 4:2:0 tangu zinatoka kwenye kamera, ukizigeuza HQX unaongeza uzito wa faili tu, rangi haiongezeki hata chembe. Hili naomba watu walisikie maana naletewa madiski yamejaa faili kubwa za bure.

ProRes mimi naitumia sehemu mbili, 4444 kwa maandishi ya jina la kwaya yanayopita juu ya picha kwa sababu inabeba uwazi, na pale mteja wa Dar anaposema wazi anataka ProRes.

fundi_picha_Uyole

Asanteni sana, dada wa Njombe hapo kwenye HQ na HQX ungeniokoa mapema, nilishaanza. Na umeme ukikatika katikati ya kugeuza?

Mnyalu_Ipogolo

Geuza klipu moja moja, usiunganishe siku nzima kuwa faili moja refu. Faili la MOV kwa kawaida linaandika faharasa yake mwishoni, umeme ukikata kabla halijafika hapo halifunguki. Ukiwa na klipu 80 unapoteza moja, unaendelea na zilizobaki. Na kadi za kamera usizifute mpaka faili asili ziwe sehemu mbili.

fundi_picha_Uyole

Nimerudi. Nimejaribu klipu moja ya Canon ya dakika nne, asili yake GB 5 na kidogo. HQX ya 4K imekuwa karibu GB 21, LB ya 1080 imetoka GB 1 tu. Zote zinacheza laini, nasogeza kimstari na picha inafuata kidole, mdomo wa soloisti na sauti vimekaa pamoja. Kwa hiyo nimetengeneza proksi za LB kwa kamera zote tatu, na klipu sita za Canon za wimbo wenyewe nitazipa HQX wakati wa rangi. Premiere ilikataa proksi mbili za Sony, nikaangalia sauti kama Mnyalu alivyosema, kweli zilitoka chaneli moja badala ya mbili, nimerudia zimekubali. Leo usiku nakata ubeti wa kwanza.